Bi Mabano na Safu ya Mwisho

Kwa siku tatu nilimchukia Bi Mabano kabla sijamwona uso. Nalisema mapema ili mtu asidhani nimekaa hapa kumremba. Mimi ni mshonaji, na mshono ukienda upande nasema umekwenda upande, hata kama nguo ni ya mama mkwe. Haya ni maisha ya mwanamke mmoja kama alivyonisimulia mwenyewe, amekaa kwenye stuli ya chumba changu cha kazi na kikombe cha chai mkononi, nami nina pini mdomoni na siwezi kumkatiza.

Jina lake analo, ila pale benki ya damu hakuna anayelitumia. Wanamwita Bi Mabano kwa sababu ya lugha ya kompyuta anayoitunza. Ni lugha ya zamani, inaitwa Lisp, na kila kitu ndani yake kimefungwa kwa mabano, na mabano yenyewe yamo ndani ya mabano mengine. Alinionyesha ukurasa wake siku moja. Nilidhani ninatazama kopo langu la kulabu za sketi.

Aliingia pale na miaka ishirini na mbili, mpiga chapa, wenzake wawili kushoto na kulia, taipureta tatu chumba kimoja. Akaja Mhandisi na mashine yake. Alikuwa mtu mrefu mwenye kikohozi, asiye na subira na binadamu yeyote. Wale wenzake wakaomba uhamisho wiki ileile. Yeye akavuta kiti akakaa karibu na kikohozi. Kila alichoambiwa alikiandika, na swali moja hakuliuliza mara mbili, basi Mhandisi akamzoea. Alipostaafu alimwachia kabati moja la makaratasi na funguo mbili. Tangu hapo ni miaka kumi na tisa anaulea ule mfumo peke yake. Mabosi huja na maneno ya kununua mpya, wakaondoka wakauacha palepale.

Kitu kimoja alikianzisha yeye mwenyewe, nacho ni daftari. Lina jalada jeusi, linakaa kwenye droo ya juu, na sheria yake haina mjadala: hakuna anayegusa mfumo bila kuandika. Lina safu tano. Tarehe, kilichobadilishwa, aliyebadilisha, namna ya kukirudisha kilivyokuwa, na ya mwisho, nani kaathirika. Hiyo safu ya mwisho ilikuwa imejaa neno moja kutoka juu hadi chini, ukurasa kwa ukurasa: hakuna, hakuna, hakuna. Fundi wa printa aliwahi kubadilisha saizi ya karatasi akaondoka bila kuandika. Bi Mabano alimfuata hadi kituo cha basi akamrudisha.

"Lakini mama, ni karatasi tu!" fundi akalalamika.

"Ndiyo. Andika 'karatasi tu'."

Sasa nije kwangu. Nilikuwa na uvimbe kwenye kizazi na nilikuwa nikivuja damu mwezi wa pili mfululizo. Nikipanda ngazi tatu napumzika. Cherehani nilikuwa siwezi kuikanyaga robo saa. Daktari wa upasuaji, mwanamke mfupi asiyependa maneno mengi, alinitazama kope kwa ndani akasema, "Lazima tukate, na haraka. Lakini bila chupa mbili za damu inayokubaliana na wewe, sishiki kisu." Tunasema chupa ingawa siku hizi ni mifuko.

Na damu yangu ni ya shida. Mbali na yale makundi ambayo kila mtu anayajua, kuna alama nyingine nyingi kwenye damu. Moja huandikwa kwa C kubwa, nyingine kwa c ndogo, na ni vitu viwili tofauti, kama sindano na uzi. Watu karibu wote wana ile ndogo. Mimi sina. Nilipojifungua mtoto wa pili niliongezewa damu kwa pupa, mwili ukakutana na c ndogo kwa mara ya kwanza, ukaichukia na haukusahau. Kadi yangu imeandikwa kwa wino mwekundu: apewe damu isiyo na c ndogo. Nikipewa nyingine, mwili wangu unaipasua ndani kwa ndani.

Chupa mbili zikaletwa kutoka benki. Kabla ya kumpa mtu, wanachanganya maji ya damu yake na tone la ile ya chupa waone kama zinapatana. Hazikupatana. Upasuaji ukaahirishwa. Zikaletwa nyingine mbili, hazikupatana. Zikaletwa za tatu. Siku ya kumi na sita kitandani, na rangi yangu imekuwa ya majivu, muuguzi akaja tena na ule uso wa kuomba radhi.

"Dada," nikamwambia, "huko kwenye majokofu kuna watu au kuna mbuzi?"

"Mama, wale wanafuata karatasi."

"Na karatasi inafuata nini?"

"Mashine."

"Na mashine?"

Akacheka kidogo. "Mashine ni ya Bi Mabano."

Basi, nikapata wa kumchukia. Nililala nikimtengeneza kichwani: mnene, mvivu, anapaka rangi kucha huku mimi nakauka. Nilikuwa na woga wa kufa, na woga wangu ulihitaji mtu wa kumwangukia. Watoto wangu wawili walikuwa kwa mama yangu, na kila jioni mdogo ananiuliza kwenye simu, "Kesho ndiyo wanakutoa?" Nami namwambia ampe bibi yake simu.

Wakati huohuo, nyuma ya ukuta nisiouona, mtunza majokofu alikuwa amempelekea Bi Mabano zile chupa za tatu zilizokataliwa. "Mashine yako imezeeka kama mimi," akamwambia. Wametaniana miaka na miaka hao wawili, lakini siku ile Bi Mabano hakumjibu kwa utani. Chupa sita kurudi kwa mgonjwa mmoja si mzaha. Alifunga kibwebwe, kama tunavyosema, akatoa daftari na kuanza kusoma kurudi nyuma. Miezi minane, mabadiliko kumi na moja, yote hayana hatia.

Akaenda kwenye jokofu na koti la sufu juu ya nguo, akalinganisha chupa moja moja na orodha. Lebo na orodha vinakubaliana kabisa. Siku nzima imekwenda. Kesho yake akaomba fomu za maabara, zile zinazoandikwa kwa mkono damu inapopimwa. Akaweka fomu mbili mezani. Moja imeandikwa: haina C, kubwa, ya kujimwaga. Ya pili: haina c, ndogo, na mpimaji ameichorea mstari chini isikosewe. Akatafuta lebo za chupa hizohizo mbili. Zote zinasema kitu kimoja. Haina c. Ndogo.

"Hapo nililifunga daftari," aliniambia.

Kwa sababu lilikuwepo badiliko la kumi na mbili, ambalo halikuwa kwenye daftari. Na lilikuwa lake.

Miezi minane nyuma wakaguzi walikuwa wanakuja, na mkurugenzi alikuwa anazunguka kila chumba akinyoosha mapazia. Akasimama kwenye printa. "Mama, haya makaratasi yanapiga kelele," akasema. "Herufi kubwa mwanzo mpaka mwisho. Mtu akisoma anaona kama anafokewa. Hatuwezi kuyatuliza?"

"Tunaweza, bosi. Ni mstari mmoja."

Bi Mabano aliuandika huku mkurugenzi amesimama palepale. Orodha na lebo zikatoka kwa herufi ndogo, laini, za kupendeza. Mkurugenzi akapiga makofi. Bi Mabano akanyoosha mkono kwenye droo, halafu akaurudisha. Alijiambia ni urembo tu. Mwanamke aliyemtoa fundi kituo cha basi!

Nilimlazimisha anieleze huo mstari mpaka nikauelewa, maana kitu kilichotaka kuniua nina haki ya kukijua. Ni hivi. Mashine ile ukiiandikia neno kwa herufi ndogo, yenyewe inalipokea kwa kubwa. Ndivyo ilivyozaliwa. Ukitaka herufi ndogo ibaki ndogo, unaisimamishia vijiti viwili, kimoja kila upande, namna hii: |c|. Mhandisi alilijua hilo, akazipa vijiti alama zote ndogo za damu. Kwa hiyo ndani ya mashine C na c hazikuwahi kuchanganyika hata siku moja. Lakini kwenye karatasi ya watu vijiti havitoki, vinavuliwa mlangoni ili isomeke vizuri. Zamani hilo halikudhuru: kubwa ilitoka kubwa, ndogo ikatoka ndogo. Sasa kuna swichi inayoamua herufi kubwa zivae nini zinapotoka. Yeye aliigeuza, kubwa zote zitoke ndogo. Basi C akatoka amevaa nguo za c, na c halisi, asiye na vijiti vyake, akasimama kando yake, na hakuna wa kuwatofautisha. Ni kama mimi nishone gauni la mama na la binti halafu nibandike saizi moja kwenye yote mawili.

Na damu isiyo na C kubwa ni nyingi, imejaa majokofu. Isiyo na c ndogo ni ya kutafutwa kwa tochi. Karatasi ilikuwa inasema "haina c" kwa zote, na mtunza majokofu, mtu wa haki, alikuwa anachukua iliyo mbele. Mbona halikuonekana mapema? Damu hukaa wiki sita. Kwa muda huo chupa zenye lebo za zamani zilikuwa bado zimo. Zilipokwisha, wenye shida kama yangu hatukutokea wengi.

Aliufuta ule mstari mara moja. Kisha akaiambia mashine itoe orodha nzima na vijiti vyake, isivuliwe kitu. Chupa mia mbili na kumi na nne. Alipitisha rula mstari kwa mstari. Isiyo na |c|, na ya kundi langu, zilikuwa mbili. Moja ilikuwa imebakiza siku tano iharibike.

Akaenda kwa mkurugenzi kabla ya kitu kingine. Mkurugenzi alisikiliza, akainuka, akafunga mlango.

"Mama, umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi yaishe. Umebakiza miezi minne ustaafu. Lile daftari wakaguzi wanalisoma. Unataka kuondoka na doa?"

"Daftari niliwawekea wasome, bosi."

"Hakuna aliyekufa!"

"Sijui bado," akasema Bi Mabano. "Sijamaliza kutafuta."

Ndipo akaja wodini. Nikaona mwanamke mwembamba, miwani imefungwa uzi, sweta lina kifungo kimoja kisicho cha ukoo wake. Akasimama miguuni pa kitanda kama mtoto aliyeitwa ofisini.

"Mwanangu, mimi ndiye wa mashine," akasema. "Zile chupa hazikukosea njia zenyewe. Nilibadilisha kitu, sikukiandika, sikukifikiria. Umelala hapa kwa sababu yangu. Nimepata mbili za kweli, wanazipima sasa hivi. Nimetaka usikie kwangu."

Nilikuwa nimejiandaa kwa yule mnene wa kucha. Kwa huyu sikuwa nimejiandaa. Nilimtukana hata hivyo. Nilimwambia maneno ambayo mama yangu angenifinya kwayo, nikamwambia nina watoto, nikamwambia atoke nisimwone. Hakutoka. Alivuta kiti, kama alivyofanya kwa Mhandisi, akakaa. Nikalia kwa hasira mpaka nguvu zikaniishia, na kwa kweli hazikuwa nyingi. Hakunishika mkono wala hakusema pole kumi. Tulikaa hivyo mpaka muuguzi akaingia mbio.

"Zimepatana! Zote mbili!"

Bi Mabano akavua miwani akaifuta kwa sweta. Siku ya kumi na tisa nikaingia chumba cha upasuaji, na jioni ile mwanangu mdogo alipouliza tena, mama yangu alikuwa na jibu.

Hapo wengi wangeona shughuli imekwisha. Yeye alikuwa ndiyo kwanza ameanza. Kwanza alikwenda kwenye ule mstari tena. Akaandika upya sehemu ya kutoa alama za damu, ili swichi ya herufi isiziguse kabisa, hata bosi gani aje na masikio gani. Na kando ya kila alama akaongeza neno: C kubwa, c ndogo. Makaratasi mengine yote akayatuliza tena kama mkurugenzi alivyopenda. Hakuwa na ugomvi na urembo.

Kisha akaomba masanduku ya makaratasi ya miezi minane. Kila ombi lenye kadi ya alama, kila chupa iliyotoka. Alikuja kunitazama nyumbani wiki ya tatu, mshono wangu bado unavuta, akiwa na karatasi moja imekunjwa mara nne.

"Nimempata mmoja," akasema. "Mwenye damu kama yako. Aligongwa na lori, aliletwa hali mbaya, hawakuwa na nafasi ya kuchanganya wapime. Alipewa chupa mbili."

"Za vijiti au zisizo na vijiti?"

Sikuhitaji kuuliza.

"Unajua kama yu hai?"

"Ndiyo ninakwenda kujua. Wodi wanasema aliruhusiwa. Baada ya hapo hakuna karatasi."

Nikavaa viatu. Aliniambia nilale, nikamwambia yeye si daktari. Tulikwenda polepole, tukipumzika kwenye kila kibaraza, vichekesho viwili barabarani, mmoja ameshika tumbo na mwingine ameshika karatasi. Sijawahi kumwona mtu anatembea hivyo. Kila hatua alikuwa hataki kufika, na hakupunguza mwendo isipokuwa kwa ajili yangu.

Anwani ilikuwa ya karakana ya baiskeli. Mlangoni kulikuwa na magurudumu yananing'inia na redio inakoroma. Ndani hakuna mtu. Nikasikia Bi Mabano anavuta pumzi. Halafu sauti ikatoka nyuma ya kabati: "Kama ni pancha, leo nimejaa!"

Akatokea mwanamume wa makamo, anachechemea, mikono imejaa grisi, mkali kama pilipili. Bi Mabano akamweleza yote wima, vilevile alivyonieleza mimi. Hakupunguza neno. Yule fundi alisikiliza huku akizungusha spana kwenye vidole.

"Macho yangu yaligeuka manjano," akasema mwishowe. "Wiki mbili. Na mkojo kama chai ya rangi. Nikadhani ni zile dawa. Mke wangu alinunua sanda, mama. Akaificha chini ya godoro nisiione. Niliiona."

"Ilikuwa damu," Bi Mabano akasema. "Ni mimi niliyefanya."

"Sasa umekuja unataka nini? Nikusamehe?"

"Hapana. Nataka kukuandika kwenye daftari. Na kadi yako mpya hii hapa, usiende hospitali bila hii, hata kama ni jino. Kama hutaki kuandikwa, niambie."

Fundi akanitazama mimi. "Na wewe ni nani, mwanasheria wake?"

"Mimi ndiye wa pili," nikasema.

Akaweka spana chini. Akafuta mikono kwenye kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaipokea ile kadi, akaisoma mbele na nyuma. "Andika," akasema. "Na ile sanda uandike."

Aliandika. Nimeuona mstari huo kwa macho yangu, alilibeba daftari hadi kwangu siku wakaguzi walipolirudisha. Tarehe ni ile ya kweli, ya miezi minane nyuma, na kando yake ile aliyoandikia. Kilichobadilishwa: herufi za kuchapisha. Aliyebadilisha: mimi. Namna ya kurudisha, mistari mitatu ya mabano. Na safu ya mwisho, chini ya zile hakuna zote: Mshonaji, siku kumi na tisa kitandani. Fundi baiskeli, wiki mbili, mkewe alinunua sanda.

Wakaguzi walimpa barua ya onyo. Imo kwenye jalada lake na alistaafu nayo. Mkurugenzi hakumsemesha miezi minne yote, salamu tu, na hiyo nayo ya kulazimishwa.

Siku yake ya mwisho kazini alikuja kupimwa gauni la sherehe ya kumuaga. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye pindo.

"Leo nilifungua droo nimkabidhi binti anayeshika nafasi yangu," akasema. "Nikakuta daftari limeandikwa. Chini ya mstari wangu."

Nikatoa pini mdomoni. "Nani?"

"Mkurugenzi. Ameweka na saini." Akasoma kwa kichwa, ametazama ukutani kwenye mikasi yangu. "'Niliomba herufi zitulizwe. Sikuuliza zilikuwa za nini.' Halafu safu ya mwisho ameandika: 'Hao hao wawili, na Bi Mabano.'"

Mabega yalikuwa yanamtikisika na pindo likawa linapanda na kushuka mbele ya macho yangu. Sikumwambia atulie. Nilingoja mpaka akamaliza, kisha nikaanza upya kupima kutoka sakafuni.